Mwisho wa Mass Effect 3: jinsi ya kuipima nadharia ya mauzauza

Tahadhari kwanza: humu tunafichua mwisho wote wa Mass Effect 3, sehemu za gemu mbili zilizoitangulia, na mambo mazito ya Spec Ops: The Line. Ambaye hajazimaliza azimalize kabla ya kuendelea.

Mass Effect 3 ilitolewa na studio ya BioWare ya Kanada mwezi Machi 2012. Katika dakika zake za mwisho Kamanda Shepard, mhusika unayemwongoza, anaukimbilia mwale wa mwanga katikati ya London, Harbinger, mmoja wa Reaper (mashine kubwa zinazoangamiza viumbe wa galaksi), anamfyatulia, na skrini inakuwa nyeupe pe. Shepard anazinduka deraya imeungua, anachechemea hadi kwenye mwale, anajikuta ndani ya kituo cha anga cha Citadel, na huko juu kabisa anakutana na kiumbe mwenye umbo la mtoto anayemwekea njia tatu: kuwaangamiza Reaper, kuwatawala, au kuunganisha viumbe hai wote na mashine.

Nadharia ya mauzauza inasema Shepard hakupanda kokote. Bado kalala kwenye kifusi cha London, na yote tunayoyaona baada ya ule weupe yanapikwa kichwani mwake na Reaper ili akubali kwa hiari yake kutekwa akili. Akichagua kuangamiza, ameshinda na atazinduka. Akichagua kutawala au kuunganisha, kwisha habari yake. Mashabiki waliipa jina la Indoctrination Theory.

Tuseme mapema tunakosimama. Kama namna ya kulisoma gemu, nadharia hii ni nzuri na ina mizizi ndani ya hadithi. Kama dai kwamba waandishi waliupanga mwisho hivyo kwa siri, haisimami. Ubishi mwingi huzaliwa pale mtu anapotetea dai la pili kwa ushahidi wa la kwanza. Hatua zifuatazo zinakusaidia kuyatenganisha, na unaweza kuzitumia kwa gemu yoyote ambayo mashabiki wake wanasema "mwisho ule ulikuwa ndoto tu".

Chagua toleo kabla ya kushika pedi

Mass Effect 3 ina mwisho wa aina mbili, na watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kumbe walitazama vitu viwili tofauti. Kuna mwisho wa Machi 2012, na kuna mwisho uliorefushwa kwa nyongeza ya bure iitwayo Extended Cut, iliyoanza kutolewa tarehe 26 Juni 2012. Nyongeza hiyo iliweka onyesho la meli ya Normandy kushuka kuwachukua wenzako wakati wa mbio za kuelekea mwaleni, ikarefusha mazungumzo na yule mtoto, ikaongeza picha za hatima zenye msimulizi, na ikafungua njia ya nne: kukataa zote.

Legendary Edition ya Mei 2021, mkusanyiko wa gemu zote tatu, ina Extended Cut ndani yake tayari. Hiyo haikupi mwisho wa awali. Mwenye toleo la 2012 kwenye kompyuta aingie kwenye folda ya gemu, sehemu ya BioGame kisha DLC, atafute folda inayoitwa DLC_CON_END. Hiyo ndiyo Extended Cut. Ihamishie nje ya folda ya gemu bila kuifuta, na uzime usasishaji wa kujiendesha, la sivyo programu ya duka itairudisha na utadhani unatazama mwisho wa zamani kumbe sivyo. Tatizo la kutarajia: seivu iliyowekwa nyongeza ikiwapo inaweza kugoma kufunguka ikiondolewa. Kwa hiyo mwisho wa zamani uchezee kwenye seivu zake peke yake. Kwenye konsoli, futa nyongeza hiyo tu kupitia usimamizi wa hifadhi na uache gemu yenyewe.

Asiye na toleo hilo atafute rekodi ya video iliyowekwa mtandaoni kabla ya 26 Juni 2012, isiyo na mtu anayezungumza juu yake. Tarehe hiyo ndiyo dhamana: kabla yake Extended Cut haikuwapo.

Jinsi ya kujua uko kwenye lipi: angalia mbio za mwisho. Normandy ikitua kuwachukua wenzako, uko kwenye Extended Cut.

Tayarisha seivu tatu

Ukimaliza hadithi, gemu inakurudisha ndani ya Normandy, kabla ya shambulio la makao makuu ya Cerberus, kundi la binadamu linalompinga Shepard. Weka seivu ya mkono hapo na usiiandikie juu kamwe. Utahitaji hali tatu:

Ya kwanza ni Shepard mwenye alama nyingi za EMS, yaani jumla ya nguvu za kijeshi ulizokusanya. Katika toleo la 2012 alama hizo huzidishwa kwa asilimia ya utayari wa galaksi, ambayo ni 50 kwa asiyecheza na wenzake mtandaoni. Ili uone onyesho la Shepard kuvuta pumzi baada ya Extended Cut unahitaji 3,100, maana yake ukusanye 6,200 kabla ya kukatwa nusu. Kabla ya Extended Cut kiwango kilikuwa 4,000 au 5,000 kutegemea kama ulimwokoa Anderson, mkuu wa zamani wa Shepard jeshini, kwenye mazungumzo na Illusive Man, kiongozi wa Cerberus. Legendary Edition haina mchezo wa mtandaoni na hesabu yake ni nyingine, kwa hiyo usichanganye namba za huku na za kule.

Ya pili ni Shepard ambaye hakuicheza Arrival, ile nyongeza ya Mass Effect 2. Ya tatu ni Shepard aliyeliharibu kambi la Collector, watumishi wa Reaper, mwishoni mwa gemu ya pili, kisha akaingia London na alama chache mno, karibu bila kufanya kazi yoyote ya pembeni. Hii ya tatu ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye jibu kali zaidi.

Andika kwanza, fikiri baadaye

Rekodi kila mzunguko kuanzia London hadi baada ya majina ya watengenezaji. Kisha chora jedwali lenye safu sita: saa ya rekodi, kinachoonekana, kinachosikika, nani mwingine anakiona, maelezo ya kawaida, maelezo ya nadharia. Jaza safu nne za mwanzo kwa tukio zima kabla ya kugusa mbili za mwisho. Ukijaza zote kwa pamoja, kila kichaka kitageuka ushahidi kwa sababu tayari unajua unatafuta nini.

Mfano wa karibu. Mwanzoni kabisa, Vancouver, Shepard anamkuta mtoto amejificha kwenye tundu la hewa. Anamwita, mtoto anamwambia hawezi kumsaidia, Anderson anaita, Shepard anageuka, akirudisha macho mtoto hayupo. Dakika chache baadaye mtoto huyo anapanda chombo cha kuokolea watu. Rudisha rekodi na uwatazame askari: hakuna anayempa mkono, hakuna anayemwangalia. Chombo kinapigwa na Reaper na kulipuka. Safu ya "nani mwingine anakiona" inabaki tupu, na hilo ni jambo la kweli. Lakini maelezo ya kawaida nayo yapo: kumnyanyua mtoto kunahitaji uhuishaji wake peke yake, na kamera ilitaka mtoto abaki mpweke ili tumwonee huruma. Hapo andika "inaruhusu". Tukio linairuhusu nadharia bila kuidai.

Sasa nenda kwenye ule weupe wa London. Shepard anasimama kwa shida na kutembea pole pole kama anavyotembea katika ndoto zake tatu za msituni. Bastola yake haiishi risasi. Kuna vichaka kuuzunguka mwale ambavyo mashabiki wanasema havikuwapo awali. Simamisha picha kabla na baada ya mlipuko, kwenye pembe ileile, ulinganishe mwenyewe. Kuhusu bastola, mbunifu wa gemu ana sababu ya wazi: mchezaji anayechechemea mbele ya maadui wachache asikwame kwa kukosa risasi mwishoni mwa hadithi. "Inaruhusu" tena.

Kisha chumba cha Citadel na Illusive Man. Kingo za skrini zinaingia weusi unaotambaa, mlio unapanda, na mkono wa Shepard unanyanyuka bila ridhaa yake na kumpiga Anderson risasi ya tumbo. Dakika chache baadaye, Shepard anakuta damu ikimtoka ubavuni mwake mwenyewe. Hapa nadharia haiombi ruhusa. Gemu yenyewe inaonyesha waziwazi kwamba mtu mwingine ameushika mwili wa Shepard. Andika "inaeleza". Kumbuka tu kwamba Anderson naye kashikwa, na kwamba Shepard alikwisha jeruhiwa London, kwa hiyo lile jeraha lina asili nyingine.

Sauti usiisahau. Vaa hedifoni, zima mpangilio wa mono, na umsikilize yule mtoto wa mwisho kwa sikio moja moja. Chini ya sauti ya mtoto zimefumwa sauti za waigizaji wawili wa Shepard, Mark Meer na Jennifer Hale. Kwa spika za runinga hilo hulipati. Kwa nadharia ya mauzauza ni hazina: anayezungumza na Shepard ana sauti ya Shepard.

Itamke nadharia kwa sentensi yenye mwanzo na mwisho

Watu husema "nadharia" kana kwamba ni moja. Ziko tatu angalau, na ushahidi unaoibeba moja huiangusha nyingine.

Ndefu inasema Shepard alikuwa ameshaanza kutekwa tangu Arrival, ambapo alipoteza fahamu na kukaa siku mbili karibu na kifaa cha Reaper kiitwacho Object Rho, na kwamba mtoto wa Vancouver hakuwahi kuwapo. Kamili inasema kila kitu baada ya mionzi ya Harbinger ni mauzauza matupu. Nusu inasema Shepard kweli yuko Citadel, kweli anachagua, ila akili yake inavurugwa na yale anayoyaona, hasa mtoto, yamepakwa rangi na Reaper.

Andika unayoipima juu ya jedwali. Ukijikuta katikati ya kazi unahama kutoka kamili kwenda nusu kwa sababu kitu kimegoma, weka alama hapo. Kuhama si dhambi, lakini ni matokeo, na msomaji wako anastahili kuyaona.

Pima kwa sheria za ulimwengu wenyewe

Codex, ile kamusi iliyomo ndani ya gemu tangu ya kwanza, inaeleza kutekwa akili kwa undani: mawimbi ya sumakuumeme na sauti zisizosikika kwa sikio, maumivu ya kichwa, mlio masikioni, hisia ya kutazamwa, kuona vivuli kama vya mizimu, kisha sauti ngeni kichwani. Inasema pia kwamba utekaji wa haraka huiharibu akili ndani ya siku au wiki, na wa polepole humwacha mtu akitumika kwa miezi au miaka. Pitia rekodi zako na kila dalili uipe tukio. Ndoto za msituni zina vivuli vyeusi na minong'ono ya waliokufa. Katika ya tatu Shepard anajiona mwenyewe akimkumbatia mtoto, wote wawili wakiwaka moto. Vivuli hivyo vina ukoo: malkia wa rachni, viumbe kama wadudu wenye akili, katika gemu ya kwanza alisimulia sauti zilizoipotosha jamii yake akizifananisha na vivuli vya mafuta. Huu ndio uzi bora kabisa wa nadharia, kwa sababu unatoka kwa mhusika aliyeandikwa miaka mitano kabla.

Halafu angalia waliotekwa kweli: Saren na Matriarch Benezia wa gemu ya kwanza, Dkt. Kenson wa Arrival, Illusive Man. Wote wanatembea macho, wanazungumza, wanapanga mipango, wanaamini wako timamu. Benezia anaeleza kwamba alikuwa mfungwa ndani ya akili yake akitazama mikono yake ikitenda. Hakuna hata mmoja aliyewekwa ndani ya mahali pa kubuni huku mwili wake umelala. Kwa hiyo nadharia kamili inawapa Reaper uwezo ambao hatukuwaona nao.

Ipo nafuu moja. Nyongeza ya Leviathan, Agosti 2012, inaonyesha viumbe ambao Reaper walitokana na kazi yao wakimvuta Shepard ndani ya akili na kuzungumza naye kwa sura za watu anaowajua. Uwezo huo basi upo kwenye ulimwengu wa gemu, japo kwa wazazi na si kwa watoto. Ila tazama gemu inavyolitengeneza onyesho lile: unaona akiingia na unaona akitoka. Mchezaji haachwi akikisia.

Vipimo vinavyouma

Anza na Vendetta. Ni programu ya kale ya Waprothean, jamii iliyoangamizwa na Reaper zamani, na imeundwa kumtambua aliyetekwa. Kwenye sayari ya Thessia inazungumza na Shepard bila wasiwasi, kisha inajifunga ghafla kwa sababu imehisi aliyetekwa karibu, na anayeingia ni Kai Leng, muuaji wa Cerberus. Baadaye, ndani ya makao ya Cerberus, saa chache tu kabla ya London, inazungumza na Shepard tena na kumfichulia siri ya mwisho. Kwa nadharia ndefu huu ni ukuta. Wanaoitetea husema chombo hicho hakigundui utekaji uliotulia, lakini hakuna mstari wa gemu unaosema hivyo. Wameongeza dhana mpya kuiokoa ya zamani. Andika "inapinga". Nadharia kamili na ya nusu zinapita hapa bila kuguswa, kwa kuwa zinaanza London.

Kisha fungua seivu ya pili. Kwa mchezaji ambaye hakuicheza Arrival, gemu ya tatu inasema kazi ile ilifanywa na wengine. Shepard huyo hakulala karibu na Object Rho. Lakini ndoto ni zilezile, mtoto ni yuleyule, mwisho ni uleule. Ikiwa siku mbili zile ndizo chanzo, kwa nini kuziondoa hakubadilishi chochote? Jibu la kwamba Shepard aliingia pia kwenye Reaper mfu katika gemu ya pili ni halali, maana kazi ile hairukiki. Ila basi Arrival ing'oe kwenye orodha yako ya ushahidi. Haiwezi kuwa nguzo ikiwepo na pambo ikikosekana.

Seivu ya tatu ndiyo tunayoipenda. Ukifika kwa yule mtoto na alama chache mno, nawe uliliharibu kambi la Collector, hakupi njia tatu. Anakupa moja tu: kuangamiza. Rudia sentensi ya nadharia. Reaper wamejenga mauzauza ili Shepard achague kutawala au kuunganisha, na kuangamiza ndiko kuwashinda. Sasa Shepard dhaifu kuliko wote, mwenye jeshi la kuokoteza, anaingizwa kwenye mtego ambao mlango wake pekee ni wa kutokea. Mtego gani huo? Aliyelihifadhi kambi lile hupewa kutawala peke yake, na hapo ndipo unapoona mantiki halisi: njia zinafuata vitu ulivyovikusanya na maamuzi ya zamani. Ni hesabu ya gemu. Nguvu za akili za Shepard hazimo.

Kipimo cha macho kinafuata. Orodhesha kila onyesho la mwisho ambalo Shepard hawezi kuwa analiona: Normandy ikianguka kwenye sayari yenye msitu, wenzake wakitoka nje, na baada ya majina yote, mzee akimsimulia mtoto habari za Shepard miaka mingi baadaye, kwa sauti ya mwanaanga Buzz Aldrin. Nadharia kamili inaweza kudai kwamba Normandy nayo ni sehemu ya mauzauza. Mzee yule je? Shepard hayumo, na anayetazama ni sisi tu.

Mwisho, weka rekodi za matoleo mawili sambamba. Katika toleo la Machi 2012, wenzako uliokuwa nao London wanatokea ghafla ndani ya Normandy iliyoanguka, na nadharia ilisema: unaona, ndoto haina mantiki. Extended Cut ikaweka onyesho la wao kuchukuliwa, na ushahidi ukayeyuka. Kilichoyeyuka kwa sasisho moja kilikuwa pengo la simulizi, basi. Extended Cut ilileta pia kukataa: Shepard akimfyatulia mtoto au akikataa kwa maneno, sauti ya mtoto inageuka nzito kama ya Harbinger, na Reaper wanashinda. Sauti ile inaipa nguvu nadharia ya nusu. Matokeo yake yanaibana kamili, kwa sababu kuukataa mtego wa ndotoni kulipaswa kumwamsha Shepard, na badala yake tunaonyeshwa ujumbe wa Liara, mwenzake Shepard, ukibaki kwa ajili ya watakaokuja mzunguko unaofuata wa maangamizi.

Kuhusu onyesho la pumzi: ukichagua kuangamiza kwa alama nyingi, mwili wenye deraya ya N7, kama ya Shepard, unavuta pumzi kwenye kifusi. Simamisha picha na uliangalie lile rundo, kisha ulilinganishe na kuta za London na vyuma vya Citadel. Tunaliandika "inaeleza", ila kwa kalamu nyepesi. Waandishi walihitaji kumwachia mchezaji aliyefanya kazi yote tumaini fulani, na Extended Cut inalithibitisha hilo: katika mwisho huohuo, mpenzi wa Shepard anasita na halibandiki jina lake kwenye ukuta wa kumbukumbu.

Linganisha na gemu iliyopanda mbegu kweli

Spec Ops: The Line ya studio ya Yager ya Berlin ilitoka Juni 2012, miezi mitatu tu baadaye, na hadithi yake iko Dubai iliyofukiwa na mchanga. Mwandishi wake mkuu, Walt Williams, alieleza kanuni waliyoifuata: onyesho likiisha kwa skrini nyeusi, mambo ni ya kawaida, likiisha kwa skrini nyeupe, Walker, mhusika mkuu, anaona mauzauza au anajidanganya. Gemu inafunguka na mapigano ya helikopta, na tukio lilelile linaporudi katikati ya hadithi, Walker mwenyewe anashtuka kwamba walishalifanya. Williams aliizungumzia pia tafsiri ya kwamba Walker alikufa kwenye ajali ya helikopta ile na yote yanayofuata ni ya kichwani mwake.

Chukua kanuni hiyo uipeleke Mass Effect 3. Orodhesha kila mpito kuanzia Vancouver: nyeusi au nyeupe, na kilichofuata kilikuwa ndoto au la. Usichague matukio, andika yote. Kanuni iliyopandwa kwa makusudi hushika mwanzo hadi mwisho. Ukikuta weupe mahali ambapo hakuna anayedai kuna ndoto, weupe wa London umepoteza nusu ya uzito wake.

Nia ya waandishi iwekee ukurasa wake

Hapa kuna mambo mawili ya kutosha. La kwanza: programu ya Geoff Keighley ya mwaka 2012 kuhusu utengenezaji wa gemu hii ilionyesha kwamba BioWare waliwahi kupanga sehemu ya mwisho ambamo mchezaji angepoteza uwezo wa kumwongoza Shepard, Reaper wakimtawala. Iliondolewa kwa sababu ilisumbua kuiunganisha na machaguo ya mazungumzo. Kwa hiyo wazo la Shepard kuvamiwa akili halikubuniwa na mashabiki peke yao. Lilikuwa mezani, na tunadhani kingo nyeusi za chumba cha Illusive Man zinabeba harufu yake.

La pili: mwaka 2021 Chris Hepler, mmoja wa waandishi na mtu wa Codex, alisema nadharia hii inavutia lakini ni kazi ya mashabiki, na kwamba hawakuwahi kukaa vikao ambavyo vingehitajika kuipanda katika gemu nzima. Alikubali kwamba sehemu ya mwisho ilifanywa iwe ya kizunguzungu kwa kuwa Shepard anakaribia kufa. Yasome yote mawili pamoja. Wazo lilikuwapo, likaondolewa, mabaki yakabaki, wachezaji makini wakayaona. Ukinukuu moja na kulificha la pili umedanganya.

Ukimya wa studio usiuhesabu popote. Studio hukaa kimya kwa sababu za biashara, za adabu kwa wachezaji, na za uchovu.

Yanayoharibu kazi

Kosa linalorudiwa zaidi ni kuhesabu kitu kimoja mara tatu: mwendo wa kuchechemea, ukungu na ukimya wa London ni uamuzi mmoja wa kisanaa, kwa hiyo upe mstari mmoja. La pili ni rangi. Gemu imezoeza bluu kuwa ya wema na nyekundu ya ukali, kisha mwishoni kuangamiza ni nyekundu na kutawala ni bluu. Ni hoja nzuri, ila inafanya kazi kotekote: rangi zingekuwa kinyume, nadharia ingesema Shepard anaonyeshwa ukweli. Ushahidi unaofaa kwa matokeo yote mawili uondoe. La tatu ni kukuza picha hadi alama za ukutani zionekane na kuzisoma kama ujumbe. Watengenezaji hutumia tena kuta, milango na maandishi ya viwango vya nyuma kuokoa muda, kwa hiyo kabla ya kuandika "fumbo", itafute alama hiyo sehemu nyingine za mfululizo.

Mods, yaani marekebisho ya gemu yaliyotengenezwa na mashabiki, nazo. Ukiwa na mod yoyote inayobadilisha mwisho au taa, anza upya kwenye usakinishaji safi. Ni jambo dogo linalopoteza usiku mzima.

Ukihesabu jedwali lako mwishoni, toa uamuzi kwa kila nadharia peke yake. Sisi tunaiondoa ndefu kwa Vendetta na kamili kwa seivu ya tatu. Ya nusu tunaiacha hai: mtoto ana sauti ya Shepard, kingo za skrini ni nyeusi, na sauti inayokasirika akikataliwa ni ya adui. Anayetaka kuicheza gemu akiamini kwamba mtoto ni sura aliyovaa Reaper ili asikilizwe ana ruhusa yote ya hadithi.

Unapoiandika kwa ajili ya wengine, juu kabisa taja toleo, nyongeza zilizokuwamo, alama za EMS, uamuzi wako kuhusu kambi la Collector, na kama Arrival ilichezwa. Kila dai lipe saa ya rekodi. Na kipengele kilichoandikwa "inapinga" kiweke katika nusu ya kwanza ya maandishi, kisimamiwe na maneno yako mwenyewe, kabla msomaji hajakiuliza.